Vumbi la Kilo na Ishara za Pumu

Katika miji ya Ituri, huko Kongo, Bunia si mkubwa kwa umri: Irumu ulitangulia kuwa makao ya watawala wa Kibelgiji, na jina la Kilo lilikwisha kuvuma ng'ambo ya bahari kabla Bunia haujawa kitu cha kutajwa. Sababu ya uvumi huo ilikuwa dhahabu, ambayo watafutaji madini wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliiona mwaka 1903 katika kijito cha Agola. Na tangu machimbo yalipofunguliwa mwaka 1905, na hasa baada ya kampuni ya Kilo-Moto kuundwa mwaka 1926, nchi hii ikawa nchi ya wapagazi walioshurutishwa kubeba mizigo vilimani, ya vibarua walioteremshwa mashimoni, na ya vumbi la mawe yaliyosagwa. Vumbi ambalo halijatua hadi leo, maana wachimbaji wadogo wa Mongbwalu wangali wakiuponda mwamba, na malori ya barabara ya Mahagi, wakati wa kiangazi, huzipaka rangi nyekundu nyasi na mapaa ya kandokando.

Mwaka huo huo wa 1903, katika mji wa New York, matabibu wawili, Bullowa na Kaplan, walitangaza kwamba adrenalini ikidungwa chini ya ngozi humfungua kifua mtu aliyebanwa na pumu. Habari hizi mbili hazikujuana, wala sizikutanishi kwa ajili ya pambo. Tarihi ya pumu aghalabu huandikwa kama tarihi ya dawa, na dawa, kwa watu walio baidi na bandari, hufika ikiwa imechelewa, au haifiki kabisa. Ilhali yako maarifa mengine, makongwe kuliko sindano, yasiyohitaji lori wala ndege, nayo ni kuitambua pumu ingali njiani. Kwa mji ambao njia zake hufungwa mara kwa mara na vita na matope, mimi nayaweka maarifa hayo mbele ya dawa.

Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne za mwanzo za Milki ya Rumi, hakuanza habari ya pumu na mtu anayetweta kitandani, bali na mtu ambaye bado yumo kazini mwake: anahisi uzito kifuani, anakuwa mvivu wa kazi aliyoizoea, anaishiwa na pumzi akikimbia au akipanda mlima, sauti yake inakwaruza, na kikohozi kinamsumbua. Miaka elfu moja baadaye, katika Misri ya masultani wa ukoo wa Ayubu, Musa bin Maimuni, tabibu Myahudi aliyeandika kwa Kiarabu, alimtungia mgonjwa wake mtukufu risala nzima juu ya maradhi haya, mnamo mwaka 1190 hivi, akaeleza kwamba taabu ya mgonjwa yule ilikuwa ikianza kwa mafua ya kawaida, hasa nyakati za mvua, kisha ikageuka kuwa kuitafuta pumzi usiku na mchana. Na fauka ya hayo akasema kwa urefu juu ya usafi wa hewa na madhara ya miji iliyosongamana. Wazazi wa Bunia, ambako mvua haziachi nafasi kubwa kati ya msimu na msimu, wana haki ya kuikumbuka habari hii kila mtoto mwenye pumu anapoanza kuchuruzika kamasi.

Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni Henry Hyde Salter, Mwingereza aliyekuwa tabibu na mgonjwa wa pumu kwa wakati mmoja, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1860 alitia ishara ambazo asiyeionja pumu angezipuuza: usingizi mzito usio na sababu kabla ya shambulio, na mwasho chini ya kidevu. Salter huyo aliisifu pia kahawa kali, wala hakukosea sana, kwa kuwa kafeini ni ndugu ya teofilini, dawa ya pumu iliyotumika mahospitalini kwa miaka mingi. Ila wakulima wa kahawa wa vilima vya Ituri wasiifanye sifa hiyo kuwa kisingizio, maana kikombe hufungua kifua kidogo tu, na hakisimami mahali pa dawa.

Ishara za mwili zina udhaifu mmoja: mgonjwa huzizoea, akadhani ndivyo alivyoumbwa. Ndipo kilipohitajika kipimo, na kipimo hicho asili yake ni machimboni. Karibu na Cardiff, katika Wales, Waingereza walianzisha mwaka 1945 kituo cha kuchunguza mapafu ya wachimba makaa ya mawe, na humo alifanya kazi Martin Wright, ambaye pamoja na mwenzake McKerrow walitangaza mwaka 1959 chombo cha kupima kasi ya juu kabisa ya pumzi inayotoka. Maradhi ya vumbi la mawe si pumu, wala vumbi peke yake halimzulii kila mtu pumu. Walakini chombo kilichozaliwa kwa ajili ya wachimbaji kimewafaa wenye pumu wa dunia nzima. Mtu akikijua kipimo chake bora cha siku za afya, basi kikishuka chini ya asilimia 80 na ajue pumu inamnyemelea, na kikishuka chini ya asilimia 50 hiyo ni hatari iliyo wazi.

Tiba iliyo bora ilikaribia Ituri kwa muda. Mwaka 1965 misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana kuanzisha hospitali kubwa huko Nyankunde, kusini-magharibi mwa Bunia, chini ya Carl Becker, tabibu Mmarekani aliyekuwa Kongo tangu mwaka 1929 na aliyekuwa amejulikana kwa kazi yake Oicha. Na miaka minne baadaye, Uingereza, salbutamoli, dawa ya kufungua kifua inayovutwa kwa pampu, ikaanza kuuzwa. Lakini tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao, mali ikaporwa, na waliookoka wakatembea kwa miguu kuelekea Oicha na Beni. Mwezi wa Mei 2003 Bunia wenyewe ukawa uwanja wa mapigano, mpaka jeshi la Umoja wa Ulaya lilipoingia mwezi wa Juni. Katika siku kama hizo, mwenye pumu aliyengoja mpaka kifua kilie miunzi ndipo atafute msaada, hakuwa na pa kwenda.

Yatupasa basi kujua ni nini kinachotangulia. Njia za hewa huanza kuvimba na kujaa ute saa nyingi, pengine siku kadhaa, kabla misuli yake haijakaza. Na katika muda huo mwili husema. Mgonjwa hukohoa usiku, hasa karibu na alfajiri, au hukohoa akicheka. Pua na koo humwasha. Hulala vibaya na kuamka amechoka. Huitaka pampu yake mara nyingi kuliko juma lililopita. Mtoto mchanga huacha titi ili apumue, na aliye mkubwa kidogo huketi pembeni wenziwe wakicheza. Mwenye kuyaona haya kwanza mara nyingi si mgonjwa. Ni mama, au dada anayelala naye chumba kimoja, na ushahidi wao unastahiki kusikilizwa na muuguzi kabla ya chombo chochote.

Ziko ishara nyingine ambazo si za kutangulia tena, bali za kukimbilia hospitali bila ya kungoja kupambazuke: mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, mbavu zinazoingia ndani kila avutapo, midomo inayogeuka rangi, na, baya kuliko yote, kifua kilichokuwa kikilia miunzi kikanyamaza ilhali mgonjwa hajapata nafuu, kwa maana hewa haipiti tena kiasi cha kutoa sauti. Aketishwe wima, asilazwe, naye apewe dawa ya pampu, mvuto mmoja mmoja, njia nzima.

Kwa mtoto asiyeweza kuivuta dawa vizuri, daktari Heather Zar na wenziwe wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa tundu la kuingizia pampu na kuzibwa vizuri pembeni, hufanya kazi sawa na chombo cha kuvutia dawa kinachonunuliwa. Chupa hizo zimejaa katika masoko ya Bunia. Mzazi anayempeleka mtoto mwenye pumu mahali popote ambapo hospitali iko mbali, na amwombe muuguzi amtengenezee moja kabla ya kuondoka, na amwonyeshe namna ya kuitumia.