Mhandisi na Mchoraji

Nilikuwa natafuta muuaji. Usishtuke, msomaji, ni muuaji wa kwenye riwaya yangu, ambayo imekwama sura ya nne. Nilimtaka mtu mwenye roho ngumu, asiyejua kusoma wala kupenda kitu chochote kizuri. Katika kupekuapekua vitabu vya historia nikakutana na habari za Gabriel Narutowicz, na muuaji wangu akaniharibikia.

Narutowicz alizaliwa mwaka 1865 huko Telšiai, Lithuania, chini ya utawala wa Urusi. Wakati huo Poland haikuwemo kwenye ramani; majirani watatu walikuwa wamegawana ardhi yake. Ujanani aliugua kifua kikuu, akaenda kutibiwa Uswisi, na huko akasomea uhandisi mjini Zürich. Mwaka 1908 akawa profesa. Kazi yake ilikuwa kuufanya mto utoe umeme: kupima nguvu ya maji, kujua ukuta ujengwe wapi na uwe mnene kiasi gani. Bwawa la Mühleberg katika mto Aare, lililojengwa kati ya 1917 na 1920, ni mojawapo ya kazi zake.

Mtu wa namna hiyo, jamani, alikosa nini Uswisi? Heshima alikuwa nayo na uraia alikuwa nao. Lakini Poland ilirudi kuwa dola mwaka 1918, nchi imechakazwa na vita, na ilipomwita hakukataa. Mwaka 1920 alikuwa Waziri wa Kazi za Umma. Aprili 1922 alikuwemo katika ujumbe wa Poland kwenye mkutano wa mataifa kule Genoa, Italia, na Juni akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje.

Tarehe 9 Desemba 1922 mabaraza mawili ya Bunge yalikaa pamoja kuchagua rais. Kura zilipigwa mara tano. Mwishoni Narutowicz alipata 289, na kabaila Maurycy Zamoyski, mwenye mashamba makubwa kupindukia, akapata 227. Wapo waliompa Narutowicz kura ambao walikuwa Wayahudi, Wajerumani, Waukraine na Wabelarusi. Wote walikuwa wabunge halali, lakini hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wapinzani wakapiga kelele, magazeti yao yakachochea: eti huyu ni rais wa Wayahudi, si wetu. Sasa niulize, kura ya raia huhesabiwa kwa kabila lake?

Siku ya kiapo, tarehe 11, watu walijazana barabarani wakamrushia mabonge ya theluji akiwa ndani ya gari la farasi lililo wazi. Hakurudi nyuma. Alifika, akaapa.

Siku tano baadaye, tarehe 16, alikwenda kwenye maonyesho ya picha katika jumba la Zachęta mjini Warsaw. Alikuwa akitazama picha alipopigwa risasi, akafa.

Aliyefyatua hakuwa jambazi wala askari. Alikuwa Eligiusz Niewiadomski, mchoraji na mwandishi wa mambo ya sanaa! Mahakamani alikiri bila kujuta. Akauawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 31 Januari 1923, na bado wapo waliomfanya shujaa.

Habari hii ilinikosesha usingizi. Sisi vijana tunaoandika hujisifu kwamba sanaa husafisha moyo, yaani mtu akipenda kitu kizuri hawezi kuwa mbaya. Kumbe sivyo. Niewiadomski alizijua rangi zote, ila hakuweza kumwona jirani yake kuwa mtu. Na kabla ya risasi yake, kwa siku kadhaa, walikuwapo watu wenye kalamu kama hii yangu waliokuwa wakiandaa njia.

Sura ya nne nimeichana. Muuaji wangu sasa anajua kusoma, tena anapenda vitabu kama mimi na wewe.