Siku Moja Bunkeya

Wengi wetu tunapenda kusoma habari za wahujaji wa Ufaransa wanaokwenda polepole, kwa siku moja, kutazama kijiji cha zamani: kanisa, makaburi, nyumba za mawe, kisha kurudi jioni. Sisi wa Kikula tunafikiri kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. Kumbe Bunkeya iko kaskazini ya Likasi, na mtu akiondoka mapema anaweza kufika na kurudi siku ile ile.

Tuliondoka wakati wa kiangazi, watu wanne, baada ya Misa ya asubuhi, na bukari katika kikapu. Vumbi jekundu lilitupaka mpaka nyusi. Hatukuwa na haraka. Mmoja wetu ni katekista, Msanga wa ukoo, na kwa sababu yake ninaandika habari hii.

Zamani Kalasa, mtu wa Usumbwa katika Tanzania ya leo, alikuwa akija Katanga kununua mukuba. Mwana wake Ngelengwa, tunayemwita Msiri, alifuata njia ya baba yake karibu na mwaka 1856, lakini yeye hakurudi. Alikuwa na bunduki, na wakubwa wa inchi hii hawakuwa nazo. Kwanza aliwasaidia katika vita vyao, halafu akawatawala. Basi ukatokea ufalme wa Garenganze, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Misafara ilitoka huko kwenda Benguela upande wa magharibi na pwani ya mashariki, ikipeleka pembe, chumvi, mukuba, tena watu. Ikarudi na baruti na vitambaa.

Juu ya mukuba niseme kidogo, maana sisi tunaishi juu yake. Kabla ya Wazungu, wenyeji walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuru za udongo, wakamwaga mukuba katika umbo la msalaba. Bayeke walileta ufundi mwingine: kuuvuta uwe uzi mwembamba wa kutengeneza bangili. Mtoto wa Kikula anayesema kazi ya mukuba ilianza na kompani ya Wazungu, nani amemfundisha?

Bunkeya tulipokelewa vizuri, tukapewa viti chini ya mti. Mzee mmoja Myeke akatupeleka kwenye makaburi ya Bami. Alivua kofia, na sisi tukavua. Akasimulia habari za tarehe 20 Desemba 1891 kama mtu aliyekuwapo. Jeshi la Stairs, lililotumwa na Kompani ya Katanga, lilifika siku sita mbele, likimtaka Msiri akubali bendera ya Bula Matari. Akakataa. Usiku akaenda Munema, karibu na hapo. Kesho yake Stairs akawatuma Bodson, Mbelgiji, na Bonchamps, Mfaransa, wamkamate. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri bunduki, na yeye pia akapigwa na mtu wa Msiri, akafa. Kichwa cha mfalme kilikatwa. Bayeke wanasema kilichukuliwa, na mpaka leo hakijarudi. Kila mwaka siku hiyo wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka.

“Alikuwa baba yetu,” mzee akasema.

Katekista hakujibu hapo. Tulipokula, kando ya njia, ndipo alipofungua kinywa. Nyumbani kwao jina la Msiri halikuitwa kwa furaha. Bibi yake alisimulia vijiji vilivyotoa wasichana na vijana kama kodi, na wengine wakauzwa. Basanga walimwasi Msiri miaka kadhaa kabla ya kifo chake, na Stairs alikuta ufalme umekwisha kupasuka. “Nitawaambia nini watoto katika mafundisho?” akauliza. “Kwamba Mzungu alimwua shujaa, au kwamba mwuza watu alikufa?”

Tulibishana sana. Mimi naona yote mawili ni kweli: bendera haikuletwa kwa kuwaokoa Basanga, maana Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alipewa utawala na Bula Matari hao hao, hata kama inchi yake ilipunguzwa. Na kukataa bendera hakufuti kodi ya watu. Katekista alisema jibu hilo ni rahisi kwangu, mimi si Msanga.

Tena kuna wengine ambao mzee hakuwataja. Wapagazi na askari wa Stairs walitoka pwani zaidi ya 300, wasema Kiswahili, lugha ya karatasi hii. Njaa na magonjwa viliwapiga Bunkeya. Waliorudi Zanzibar hawakufika 200. Makaburi yao hatukuonyeshwa.

Tulifika Kikula giza limeingia. Siku ya pili katekista alikuja kwa padri kuomba Misa ya wafu. Padri akauliza jina la marehemu. Akasema aandike: wale wa Bunkeya.