Shule ya Mwanafunzi Mmoja

Mkaguzi aingiapo shuleni huuliza kwanza hesabu: watoto ni wangapi, na walimu ni wangapi? Maswali hayo ni mema. Lakini iko shule moja ambayo hesabu yake yataka kusomwa kwa uangalifu.

Katika mji wa New Orleans, kusini ya Marekani, ilikuwako shule ya serikali ya watoto wadogo, iitwayo William Frantz. Desturi ya huko ilikuwa watoto weupe wasome mbali na weusi. Mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani ilikata neno kwamba kuwatenga hivyo katika shule za serikali ni kinyume cha sheria. Walakini miaka 6 ikapita mjini humo, na shule zile zisibadilike.

Ndipo tarehe 14 Novemba 1960 mtoto mweusi wa miaka 6, Ruby Bridges, alipopelekwa shuleni humo, akilindwa na askari wa serikali kuu, kwa maana watu wengi walisimama nje wakimzomea na kumtukana. Wazazi weupe wakawaondoa watoto wao, wakabaki wachache mno. Mmoja wa wazazi waliosimama imara ni Lloyd Foreman, mchungaji wa Kimethodisti, aliyempitisha binti yake wa miaka 5 katikati ya matukano yale.

Katika walimu alipatikana mmoja tu wa kumfundisha Ruby, naye ni Bibi Barbara Henry, aliyetoka Boston. Mwaka ule chumba chao kilikuwa na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Baba yake Ruby akaondolewa kazini. Mtoto naye akawaombea kwa Mungu wale waliomtukana.

Mwaka uliofuata weusi na weupe walikaa darasa moja. Baadaye weupe wengi waliuhama mtaa ule, shule ikawa ya weusi karibu wote. Tufani ya mwaka 2005 ikaliharibu jengo. Mwaka 2013 likafunguliwa tena kwa shule nyingine, iliyopewa jina la Kiswahili: Akili.

Basi tukiona majina machache katika daftari, tusiseme upesi kwamba shule imekufa. Pale William Frantz, mtoto mmoja aliyekuja na mwalimu mmoja aliyemfungulia mlango ndio walioiokoa shule.