Epistemolojia: Kati ya Maarifa na Ujuzi

Epistemolojia ni tawi la falsafa linalochunguza asili, vyanzo na mipaka ya yale ambayo binadamu hudai kuyajua, na jina lake limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, episteme, yaani maarifa, na logos, yaani hoja au maelezo. Maswali yake ni ya kale, ingawa jina ni changa: katika Kiingereza lilipata nguvu baada ya Mskoti James Frederick Ferrier kulitumia mwaka 1854.

Waandishi wa Kiswahili ama huitohoa istilahi hiyo, ama huifasiri kuwa nadharia ya maarifa. Tafsiri hii inafaa, japo neno maarifa, lenye asili ya Kiarabu, halilingani kikamilifu na episteme, kwa kuwa anayeambiwa atumie maarifa pale kitasa kinapogoma hatakiwi kufanya falsafa bali kutafuta mbinu. Ujuzi ungeonekana kuwa karibu zaidi, kwani unatokana na kitenzi kujua, isipokuwa umekwisha kutwaliwa na mafundi, kiasi kwamba ujuzi wa useremala unaeleweka mara moja, ilhali ujuzi wa kuwa dunia ni duara unakwaza sikio. Kitenzi chenyewe kimebaki na upana wake wote: mtu humjua jirani, hujua kuogelea na hujua kwamba mvua imenyesha, na ni kujua huku kwa tatu, kunakofuatwa na kwamba, ndiko wanafalsafa wamekubishania zaidi.

Katika mazungumzo yake ya kifalsafa yaitwayo Theaetetus, Plato aliipima fasili kwamba kujua ni kuwa na imani ya kweli yenye maelezo, asiikubali. Hata hivyo fasili ya namna hiyo ilizoeleka, hadi makala ya mwanafalsafa Edmund Gettier ya mwaka 1963, yenye kurasa tatu tu, ilipoitikisa kwa mifano ya watu wenye imani ya kweli na yenye msingi, ambao hata hivyo hatungesema wanajua. Mfano mwepesi kuliko hiyo ya Gettier ni ule wa mwanafalsafa Bertrand Russell wa mwaka 1948, wa mtu anayetazama saa iliyosimama, akaamini kuwa ni saa mbili, na kumbe kweli ni saa mbili. Kusema kwamba amebahatisha ni kumwonea, kwa sababu anayebahatisha huwa anafahamu kuwa hana msingi, naye anao. Kiswahili kinaruhusu kusema kwa usahihi zaidi kwamba hakujua, bali alibahatika, tofauti ambayo yeye mwenyewe, macho yakiwa bado kwenye mishale, hana njia ya kuitambua.