Ndege Zilizofunzwa Kwenda Taratibu

Historia ya urubani imezoea kuwasifu waliokwenda kasi. Makumbusho huziweka mbele ndege za kivita, na rekodi zinazokumbukwa ni za kasi na masafa. Lakini kwa watu walioishi mbali na reli na lami, iwe Alaska, milima ya Alps au nyika za Afrika Mashariki, kazi ngumu ilikuwa nyingine: kuifanya ndege iende taratibu bila kuanguka. Naiona kazi hiyo kuwa ufundi wa hali ya juu, na sehemu ya historia yake ilipita kwetu.

Bawa hubeba uzito maadamu hewa inaambaa mgongoni mwake. Kasi ikipungua, rubani huinua pua ili bawa liikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi. Pembe ikizidi nyuzi 15 hivi, kwa ndege nyingi ndogo, hewa hubanduka na bawa huacha kubeba ghafla. Anayetaka kutua mahali pafupi hana budi kuusogeza mpaka huo, na akifaulu faida yake ni kubwa: ndege inayogusa ardhi kwa nusu ya kasi hubakiwa na robo tu ya nishati ya kumalizwa na breki.

Mjerumani Gustav Lachmann aliujua mpaka huo kwa mwili wake. Alianguka na ndege mwaka 1917, na akiwa anauguza majeraha akawaza kwamba bawa likiachiwa mwanya mwembamba karibu na ukingo wa mbele, hewa ya chini itachomoza juu kwa nguvu na kuuzuia mkondo wa mgongoni usibanduke. Uingereza, Frederick Handley Page alifikia wazo lilelile kivyake, na baadaye wawili hao wakafanya kazi pamoja. Karibu kila ndege ya porini inayotua taratibu inadaiwa na mwanya ule.

Iliyoutumia kwa ukamilifu ni kampuni ya Fieseler ya Kassel, iliyorusha Storch mwaka 1936. Ilikuwa na miguu mirefu ya kumeza kishindo, vioo vilivyotokeza pembeni ili rubani aone chini, na mwanya uliokwenda urefu wote wa bawa. Iliweza kwenda kwa kilomita 50 hivi kwa saa ikabaki hewani. Umaarufu wake mkubwa ni wa aibu, kwani ndiyo iliyomchukua dikteta Mussolini kutoka mlima Gran Sasso tarehe 12 Septemba 1943. Mimi huikumbuka kwa tukio la Novemba 1946. Ndege ya jeshi la Marekani ilianguka kwenye barafuto ya Gauli, Uswisi, ikiwa na watu 12. Marubani wa Uswisi walitua pale juu kwa Storch mbili zilizofungwa skii, wakawateremsha wote wakiwa hai.

Alaska hawakungoja kiwanda. Miaka ya 1930, Bob Reeve wa Valdez alihudumia migodi iliyoko kando ya barafuto. Juu alihitaji skii hata majira ya joto, ilhali chini hapakuwa na theluji. Akazivisha skii zake chuma kisichoshika kutu na kuanza kuruka kutoka kwenye tope la pwani maji yalipokupwa. Kila nikisoma habari zake naona kwamba marekebisho ya ndege hizi yalitokana na ardhi kabla ya kutokana na vitabu.

Kampuni ya Piper ilipotoa Super Cub mwaka 1949, mafundi wa Alaska walipata ndege waliyoweza kuifumua na kuiunda upya. Ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa, na matoleo ya baadaye yakapewa injini ya nguvu za farasi 150. Walianza na uzito: walitoa kila kisichohitajika, kwa kuwa kila kilo inayobaki chini hufupisha mbio za kupaa. Wakafunga propela ndefu yenye mkato mdogo, inayovuta vizuri ndege ikiwa bado taratibu. Wakaongeza slati, yaani kipande kinachouacha ule mwanya, mbele ya bawa na flapu kubwa nyuma, na mgongoni mwa bawa wakapanga vipande vidogo vya bati vinavyoivuruga hewa kidogo ili ishikamane na bawa. Hapo likazuka tatizo jipya: bawa sasa liliweza kuhimili pembe kubwa, lakini mkia uligusa ardhi kabla pembe hiyo haijafikiwa. Dawa yake ilikuwa kurefusha miguu ya mbele. Tairi pana zenye upepo mdogo, za kupanda juu ya mawe ya mtoni, ziliusaidia mwinuko huo. Gharama ya yote hayo ni kasi ya safari, nao waliilipa kwa hiari.

Mkondo wa Ujerumani nao ulifika kwetu. Baada ya vita Wajerumani walikatazwa kuunda ndege, hivyo Claude Dornier alianzia Madrid, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Do 27, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. Mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliichagua hiyo, wakaipaka milia ya punda na kuirusha kutoka Frankfurt hadi Serengeti. Nyanda zile ziko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huidhoofisha injini na bawa kwa pamoja, kwa hiyo injini ya nguvu za farasi 270 haikuwa anasa. Mwaka 1958 walihesabu wanyama 366,980, jambo ambalo ndege ya kasi isingeliwezesha. Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa peke yake hewani, ndege iligongana na tumbusi. Alifariki akiwa na miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Anayeruka chini na taratibu huishi katika anga la ndege wenye manyoya, na hakuna slati inayoiondoa hatari hiyo.

Hesabu ya kutoka angani haikufa naye. Kenya, Super Cub zilizoea anga la Tsavo zikifuata tembo na majangili. Miaka ya 1970 wanasayansi wa Serengeti waliboresha njia ya kuhesabu kwa sampuli, nayo ilidai rekebisho rahisi kuliko yote: fimbo mbili zilizofungwa kwenye mhimili wa kila bawa. Msaidizi aliyeketi nyuma huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo tu, rubani akishikilia mita 90 hivi juu ya nyasi. Kabla ya kazi hupita mara kadhaa juu ya alama zilizopangwa uwanjani, ili wajue ukanda ulio kati ya fimbo una upana wa mita ngapi.