Tondezi ya batri ya kukalia: mambo matano ya kupima mbele ya kununua

Kukata majani ya parsele kwa kupe-kupe kunavunja mgongo, na wakati wa mvua majani hayangoji. Ndiyo maana mtu akiona kwa simu picha ya tondezi ya batri, ile ya kukalia na kuendesha kama trakta ndogo, anaitamani. Haikunywi mafuta, haitoi moshi, na kelele yake ni kidogo. Lakini bei yake ni maelfu ya dola. Ukikosea kuchagua, hautairudisha Dubai wala Guangzhou. Wewe mwenye parsele Butembo ao Beni, pima kwanza haya.

1. Mteremko. Butembo ni mji wa vilima. Watengenezaji wengi wanakataza kupanda na hii mashini kwenye mteremko wa kupita digrii 15, juu inaweza kupinduka na kumlalia mwendeshaji. Pima hivi: shika ubao wa metre moja, ncha moja iguse udongo upande wa juu, uunyooshe kwa nivo ya fundi masoni. Pima nafasi iliyo chini ya ncha ya pili. Ikipita sentimetre 27, achana na tondezi ya kukalia.

2. Ukubwa. Parsele ya metre 20 kwa 30 ni metre za mraba 600. Toa nyumba, jiko, choo na bustani, majani yanabaki pengine kwa nusu tu. Tondezi ya kukalia inafaa zaidi kuanzia metre za mraba 2,000 hivi: uwanja wa shule, parokia, kituo cha afya. Kwa parsele ya kawaida, tondezi ya batri ya kusukuma, ao ile ya kushika mkononi, inatosha. Pima pia upana wa mlango wa parsele. Mashini nyingi zinakata upana wa sentimetre 107, na zenyewe ni pana kupita hapo.

3. Umeme. Chukua mfano wa batri ya volti 48 na ampere-saa 75. Zidisha: ni wati-saa 3,600. Pano ya jua ya wati 400, ikipata saa nne za jua kali, inatoa wati-saa 1,600, na sehemu inapotea njiani. Basi utasharji karibu siku tatu bila kuwasha kitu kingine. Na kumbuka: majani yanaota sana wakati wa mvua, ndiyo wakati jua ni kidogo. Uangalie pia shaja: mashini za soko la Marekani zinatumia volti 120, na umeme wetu ni volti 220. Ukichomeka bila transfo, shaja inaweza kuungua palepale.

4. Aina ya batri. Batri ya risasi ni ya bei ndogo, lakini ni nzito, na ukiiacha tupu miezi ya kiangazi inakufa. Batri ya litiamu ni ghali, lakini inavumilia kusharjiwa mara nyingi zaidi. Mbele ya kulipa, uliza bei ya batri mpya peke yake. Siku moja utainunua.

5. Njia na piesi. Batri ya kupita wati-saa 160 hairuhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege. Kwa hiyo itakuja kwa meli mpaka Mombasa, ipite Uganda, iingie Kasindi. Weka usafiri na duani ndani ya hesabu. Kisu fundi wa hapa atakinoa. Kadi ya elektroniki ikiungua, ni shida ingine.

Na usalama: zunguka kwanza uokote mawe na vyuma, juu kisu kinavirusha kama risasi. Watoto wakae mbali, na usimbebe mtoto kwenye mapaja hata akilia. Usikate majani yenye maji. Ukishuka, toa ufunguo.

Mashini ikishindwa jambo la kwanza, usiendelee na mengine. Ikishindwa la pili, fikiria kununua pamoja na shule ao kanisa yenye uwanja mkubwa. Na kama parsele yako ni ndogo na ya mteremko, kupe-kupe iliyonolewa vizuri ingali na kazi.