Mwanao anapoanza chuo: mkabidhi na habari za afya yake

Ukiwa Kabungu, safari ya kumpeleka mtoto chuoni huanza kwa gari la Mpanda mjini, kisha basi au treni ya Tabora. Wengine huendelea hadi Dodoma au Mbeya. Ada, godoro na ndoo huandaliwa mapema. Kinachosahaulika ni yale ambayo mama ameyaweka kichwani miaka yote: mtoto aliwahi kulazwa kwa ugonjwa gani, dawa ipi humtoa vipele, kifua humbana wakati gani. Mnapojaza fomu ya uchunguzi wa afya, mweleze hayo yote, naye ayaandike. Huko ataulizwa yeye, si wewe.

Anza na malaria. Katavi ina malaria nyingi kuliko nyanda za juu kama Mbeya. Dalili huanza kwa kawaida siku 10 hadi 15 baada ya kung'atwa na mbu mwenye vimelea, kwa hiyo anaweza kuambukizwa nyumbani akaugua wiki ya pili chuoni. Wenzake watamwambia ni baridi tu. Akipata homa aende kupimwa, na amwambie mhudumu, "Nimetoka Katavi juzi juzi." Akipewa dawa mseto amalize siku 3, hata kama homa imeisha siku ya kwanza. Na akirudi likizo baada ya miezi mingi, kinga aliyokuwa nayo itakuwa imepungua. Alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. (Vijana hubisha sana hapa, kwa sababu walizoea kuugua kidogo na kupona.)

Kama ana selimundu, baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Mnunulie sweta zito, hata kama godoro litakuwa la bei ndogo. Akipata homa aende hospitali siku hiyohiyo.

Mapenzi, mimba na VVU mzungumze nyumbani, si stendi watu wakisikiliza.

Upweke wa wiki za mwanzo ni wa kawaida. Akikuambia amelia, usimjibu kwamba sasa ni mtu mzima. Swali la "umekula?" hujibiwa "ndiyo, mama" hata na aliyelala njaa kwa sababu fedha za Bodi ya Mikopo hazijaingia. Muulize amekula nini, na nani. Akikosa usingizi, akiacha kula au akikwepa vipindi kwa wiki mbili, anahitaji msaada wa mtaalamu. Akisema hataki kuishi, usingoje hata siku moja: baki naye kwenye simu, na mtu mwingine ampigie mshauri wa wanafunzi. Namba hiyo, pamoja na ya mwenzake wa chumbani, ichukue kabla hujapanda basi la kurudi.